Kitatange wa Pwani: kumfuga ni kazi, kumzalisha ni kazi zaidi

Vijana wa Mtwapa na Kilifi huniuliza swali hili mara kwa mara: je, mtu anaweza kumweka kitatange nyumbani, akazaa, kisha akauza watoto wake badala ya kwenda kuwatoa mwambani? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa njia ambayo wengi hufikiria. Nimefuga samaki wa maji ya chumvi kwa miaka kadhaa, na leo nataka kueleza kazi yenyewe ilivyo. Swali hilo linagusa riziki za wapiga mbizi wetu na uhai wa miamba yetu, kwa hivyo linastahili jibu refu kidogo.

Kitatange ni nani?

Wavuvi wetu hulitumia jina hili kwa samaki wengi wa mwambani walio bapa na wenye rangi za kuvutia. Mimi nazungumzia wale wenye mwiba unaochomoza chini ya shavu. Kipepeo, ambaye hufanana nao sana, hana mwiba huo. Duniani kuna karibu aina 90 za vitatange hawa.

Kwetu wapo wakubwa na wadogo. Kati ya wakubwa yuko yule mwenye mistari ya manjano na buluu, ambaye akiwa mchanga huwa na rangi ya buluu nzito yenye duara nyeupe. Tofauti hiyo ni kubwa hivi kwamba wataalamu wa zamani waliwapa mtoto na mzazi majina mawili, wakidhani ni samaki wawili mbalimbali. Yuko pia yule ambaye wageni humwita samaki wa Kurani. Alama zilizo mkiani mwake akiwa mchanga hufanana na hati ya Kiarabu, na kuna kisa kinachosimuliwa cha soko la Zanzibar ambapo watu walisoma shahada kwenye mkia wa mmoja wao, bei yake ikapanda kutoka senti chache hadi maelfu ya rupia.

Kati ya wadogo, wa kwetu hasa ni yule ambaye wanasayansi humwita Centropyge acanthops. Kichwa na mgongo wake ni rangi ya chungwa, mwili ni buluu, na urefu wake hauzidi sentimita 8. Anaishi upande wetu wa Bahari Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Huyu ndiye nitakayemtumia kama mfano.

"Adimu" ina maana mbili

Sokoni, samaki akiitwa adimu tusidhani mara moja kwamba amekaribia kwisha. Wengine ni adimu kweli kwa sababu wanaishi mahali padogo. Kitatange wa Clarion hupatikana zaidi kwenye visiwa vya Revillagigedo vya Mexico, na mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kwamba biashara yake ya kimataifa isimamiwe kwa vibali. Wengine wanaishi kina kirefu ambacho mpiga mbizi wa kawaida hafiki.

Wa kwetu ni adimu kwa maana nyingine. Mwambani anaonekana, lakini mnunuzi wa Ulaya au Marekani hampati isipokuwa kutoka upande huu wa Afrika. Sehemu kubwa ya thamani yake ng'ambo inatokana na umbali: mifuko ya oksijeni, masanduku, ndege na hatari ya kufa njiani. Anayemshika baharini hupata sehemu ndogo ya bei hiyo.

Kumshika nako kuna ujuzi wake. Kazi hufanyika zaidi wakati wa kaskazi, maji yanapotulia na kuwa maangavu. Mpiga mbizi humwelekeza samaki kwenye wavu mdogo bila kumkwaruza, kisha humpandisha polepole, kwa sababu akipandishwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa hufura. Kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na ndani ya hifadhi za baharini kama Kisite, Mombasa, Watamu na Malindi hairuhusiwi kutoa kitu. Anayetaka kufuga aanze kwa kuijua sheria hiyo, na anunue kwa mtu mwenye leseni.

Kumfuga nyumbani

Kitatange mdogo mmoja au jozi moja inaweza kuishi vizuri kwenye tangi la kioo la lita 200 au zaidi. Wakubwa, wanaofika sentimita 40, nakushauri uwaache baharini. Mtoto wa sentimita 5 anapendeza dukani, lakini baada ya miaka michache atahitaji lita elfu moja na zaidi, na sebule nyingi hazina nafasi hiyo.

Sisi wa Pwani tuna bahati ya maji. Wenzetu wa bara hununua chumvi maalumu, sisi tunachota. Lakini chota maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu, mbali na bandari, mito na midomo ya mitaro, na usichote siku za karibu baada ya mvua kubwa. Yachuje, kisha pima chumvi: kiwango cha bahari ni takriban gramu 35 kwa lita.

Tangi jipya halipokei samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye mawe na kichujio. Asiyesubiri huua samaki.

Vitabu vingi vya kigeni huzungumzia kupasha maji joto. Kwetu shida ni kinyume. Vitatange wanapenda nyuzi 25 hadi 27, na chumba cha Mombasa mwezi wa Machi hupita 30. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza joto kwa sababu maji yanapovukiza huchukua joto. Lakini maji yanayovukiza huacha chumvi nyuma, kwa hivyo kila siku jaziliza kwa maji matamu yasiyo na klorini, usijazilize kwa maji ya bahari. Stima nayo hupotea. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni chombo cha bei rahisi, na usiku mmoja wa giza unatosha kukuonyesha faida yake.

Chakula kisiwe cha aina moja. Kitatange mdogo hushinda akidonoa mwani mawezani, kwa hivyo mpe mwani pamoja na kamba waliokatwakatwa, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Kila samaki mgeni akae peke yake kwenye tangi la pembeni kwa wiki nne hivi, ili ugonjwa wa madoa meupe ujitokeze kabla haujaingia kwa wengine. Dawa yenye madini ya shaba hutibu ugonjwa huo, lakini vitatange wadogo huathirika nayo upesi, hivyo kipimo kisikisiwe.

Jinsi wanavyozaa

Vitatange wadogo huanza maisha wakiwa majike. Katika kundi, yule mkubwa na mwenye nguvu hubadilika kuwa dume na kuwatawala waliobaki. Kwa hivyo ukitaka jozi huna haja ya kujua dume ni yupi. Tafuta wawili wachanga wenye tofauti ya ukubwa uwaweke pamoja, na mkubwa atageuka. Madume wawili kwenye tangi moja watapigana hadi mmoja afe.

Wakishiba na kutulia, hutaga magharibi. Dume hutandaza mapezi na kumzunguka jike, humsukuma tumboni kwa mdomo, kisha wote wawili hupanda kuelekea juu na kuachia mayai na mbegu kwa pamoja. Kwa sababu hiyo tangi la kuzalishia linahitaji kimo kuliko urefu, angalau sentimita 50 au 60, na taa iwe na saa yake ili "machweo" yafike wakati uleule kila siku. Jozi yenye afya inaweza kutaga mamia ya mayai jioni moja, na kurudia jioni nyingi mfululizo.

Mpaka hapo kazi si ngumu sana. Watu wengi duniani wana vitatange wanaotaga sebuleni bila wao kujua, kwa sababu mayai huelea, hayazidi milimita moja, na hadi asubuhi yameingia kwenye kichujio.

Wiki ya kwanza ndiyo mtihani

Mayai hukusanywa juu ya maji usiku uleule na kuwekwa kwenye chombo tofauti. Huanguliwa kabla ya saa 24 kwisha. Kinachotoka ni uzi mwembamba usio na macho yaliyokomaa wala mdomo, unaoning'inia chini ya kiini chake. Kiini hicho kinamlisha kwa siku mbili hadi tatu. Baada ya hapo macho na mdomo hufunguka, na lazima apate chakula papo hapo, la sivyo hufa.

Chakula gani? Mdomo ni mdogo mno. Rotifa, ambao ndio chakula cha kwanza cha vifaranga wengi wa samaki wanaofugwa, ni wakubwa kupita kiasi kwake. Anachoweza kumeza ni watoto wa kopepodi, wale wadudu wadogo wa baharini, tena wa aina ndogo kabisa ambao watoto wao ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kopepodi hao nao hula mwani wa chembechembe ulio hai. Kwa hivyo mzalishaji wa kitatange kwanza ni mkulima wa mwani, kisha mfugaji wa kopepodi, na mwisho ndipo awe mfugaji wa samaki. Mwani ukifa Jumatatu, kopepodi watakufa baadaye kidogo, na vifaranga hawatafika Ijumaa.

Hata mambo yakienda sawa, wengi hufa katika siku za mwanzo. Wanaobaki huelea kwa takriban miezi miwili kabla ya kupata umbo na rangi za kitatange.

Ndiyo sababu ilichukua muda mrefu. Martin Moe alikuza vitatange wa Atlantiki huko Florida miaka ya 1970. Vitatange wadogo walisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Frank Baensch alipofaulu huko Hawaii kwa kutumia kopepodi. Siku hizi Bali Aquarich ya Indonesia inazalisha aina kadhaa, akiwemo yule wa Clarion.

Hili linatuhusu vipi?

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa mapambo haviwezi kutolewa bila kuchunguzwa kwanza athari zake kwa mazingira. Kufikia 2021 uvuvi huo wa kibiashara ulikuwa umefungwa. Waliokuwa na ujuzi wa kuzalisha walibaki na kazi, na wapiga mbizi wakabaki na nyavu. Sioni kwa nini jambo kama hilo lisitufikie. Miamba yetu ilipata pigo kubwa la joto mwaka 1998, na joto limerudi tena tangu wakati huo.

Wapo wanaosema uvuvi huu upigwe marufuku na watu wazalishe tu. Sikubaliani nao. Tangi la kuzalishia linataka mtaji, stima na maarifa, na mpiga mbizi wa Shimoni hana. Ukimfungia bahari leo, faida ya kuzalisha itaenda kwa mwenye fedha, na yeye atatafuta riziki kwa nyavu zinazoharibu zaidi. Tena mtu anayeutegemea mwamba huwa na sababu ya kuulinda.

Ninachopendekeza ni tuanze mapema na tuanzie chini. Taasisi ya KMFRI iko Mombasa, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Kazi ya kwanza isiwe samaki, iwe akiba ya mwani na kopepodi wa bahari yetu wenyewe, ambayo vikundi vinaweza kuchukua mbegu kwayo zao lao likifa. Akiba hiyo itafaa pia kwa samaki wa chakula. Vikundi vinavyofuga mwatiko Kilifi na Kwale bado huchota vifaranga baharini.

Kijana anayetaka kujifunza leo aanze na nemo wa kwetu. Huyo hubandika mayai kwenye jiwe, dume huyalinda kwa wiki moja hivi, na vifaranga hutoka na mdomo unaoweza kula rotifa. Akishawakuza nemo vizazi viwili au vitatu, aingie kwa kitatange.

Na wapiga mbizi wasiachwe nje. Wao ndio wanaojua jozi nzuri ziko mwamba gani na wakati gani. Vikundi vya BMU vikiwa na hisa katika matangi, jozi chache wanazozitoa baharini zitaendelea kuwaletea chochote hata msimu wa kusi, wakati mashua zimefungwa na hakuna anayezamia.