Kijiji cha Nyanya Ukambani

Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui, ni nchi kame ambako mvua hunyesha ikipenda. Hapo, kwenye ekari 1,000 zilizotolewa na halmashauri ya eneo hilo, kuna kijiji ambamo kila nyumba ina mzee mmoja na watoto wapatao kumi. Anayekosekana ni yule wa katikati, baba au mama. UKIMWI ulimchukua.

Kijiji hicho huitwa Nyumbani, na kilianza kupokea familia mwaka 2006. Kimejengwa kwa ajili ya yatima wapatao elfu moja na nyanya na babu wapatao mia moja. Baadhi ya watoto ni wajukuu halisi wa mzee anayewalea. Wengine wametoka boma jingine kabisa, lakini ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi. Susu, kama Wakamba wamwitavyo bibi, hupika, hulima, hukemea na husimulia hadithi. Shule iko ndani ya kijiji, na vijana hufundishwa ufundi.

Aliyekiwaza ni padre Mjesuiti kutoka Marekani, Angelo D'Agostino, ambaye wengi walimwita Padre Dag. Alizaliwa Providence mwaka 1926, akawa daktari wa upasuaji kabla ya kuingia utawa, kisha akasomea magonjwa ya akili. Kazi ya wakimbizi ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Nairobi akakutana na watoto waliotupwa kwa sababu ilidhaniwa wana virusi vya UKIMWI, ambao vituo vya yatima viliogopa kuwapokea. Mwaka 1992, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto, alifungua makao yao akianza na watoto watatu. Ilikuwa miaka saba kabla ya Rais Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa.

Siku zile dawa za kudhibiti virusi hazikuwafikia watoto hao. Kazi ilikuwa kumlisha mtoto, kumtibu kifua na kuhara, kumbembeleza, na mara nyingi kumzika. Hata hivyo, makao yaligundua jambo la kutia moyo. Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi huzaliwa na kingamwili za mama yake, kwa hiyo vipimo vya wakati ule vilimwonyesha kuwa ameambukizwa hata kama hakuambukizwa. Wengi wa waliotupwa hivyo walikuwa wazima. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi kingamwili zile huisha, na ukweli hujulikana. Ni uchungu kufikiri ni wangapi waliachwa kwa kosa la kipimo.

Padre Dag hakuwa mtu wa kungoja. Mwanzoni mwa 2001 alitangaza kwamba angeagiza dawa za bei nafuu kutoka India, wakati sheria ya hataza ilikuwa bado inalinda bei za kampuni kubwa. Mwezi Juni mwaka huo Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua njia ya dawa hizo. Watoto walipoanza kupona, shule za umma zikawakataa. Makao yakaenda mahakamani, na mwanzoni mwa 2004 ikakubaliwa kwamba watoto hao wapewe nafasi.

Wamisionari wamelea yatima katika ukanda huu tangu zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Wale walikuwa wameng'olewa mbali mno na kwao, hata jamaa zao wasingeweza kupatikana. Lakini mtoto wa Kitui ana shangazi, ana ukoo, na ana bibi aliye hai ambaye tatizo lake ni umaskini na uzee. Kumtoa kwa bibi huyo na kumpeleka bwenini ni kumfanya yatima mara ya pili. Hapa ndipo wazo la Kwa Vonza linapopita mengine mengi yaliyofanywa kwa nia njema: lilimchukua bibi pamoja na wajukuu, likamheshimu kama mlezi.

Kenya yenyewe inaelekea huko. Tangu 2017 serikali imesimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe katika familia. Ni mwelekeo sahihi, ila utekelezaji usiwe wa haraka ya makaratasi: mtoto mwenye virusi anayerudi kijijini anahitaji kliniki iliyo karibu, na mtu mzima wa kumkumbusha kumeza dawa kila siku.

Padre Dag alifariki Novemba 2006, mwaka ule ule kijiji kilipoanza. Waliobaki wamepanda maelfu ya mikau, mti wa mbao unaostahimili ukame, ili mauzo yake yapunguze utegemezi kwa wafadhili. Lakini mti haukomai kwa msimu mmoja. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, makao ya Nairobi, ambayo watoto wake walipata dawa kupitia mpango wa Marekani wa UKIMWI, yaliingiwa na hofu kubwa. Dawa hizo humezwa kila siku, maisha yote. Bajeti ya Kenya ndiyo inayopaswa kuzilipia.