Kwa nini simu imepanda bei? Jibu linaanzia kwenye sinia la chipu

Msimu wa karafuu ukimalizika, wengi hapa Pemba hupanga kununua simu. Msikilizaji wetu mmoja wa Konde alitutumia ujumbe wa sauti akiwa amekasirika. Alikwenda Chake Chake na pesa aliyoihesabu vizuri, akakuta simu aliyoiona miezi michache nyuma imepanda. "Simu ni ile ile, kiwanda ni kile kile, imepandaje? Huyu mwenye duka anatuibia," alisema.

Mwenye duka ana faida yake, hilo halina ubishi. Ipo pia kodi, na ipo gharama ya kuuleta mzigo kutoka Dar es Salaam au Unguja. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za simu zimesukumwa juu dunia nzima, na chanzo chake kipo mbali na duka: kipo kwenye viwanda vya chipu. Ili tuelewane, tuanze na kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika, kadi ya grafiki.

Kadi ya grafiki ni nini?

Ni kipande kinachowekwa ndani ya kompyuta kwa kazi ya kuchora picha kwenye kioo: michezo, filamu, ramani. Mtengenezaji mkubwa ni kampuni ya Nvidia ya Marekani. Mwaka 2020 kadi yake ya RTX 3080 ilitoka kwa dola 699. Mwaka 2022 ikaja RTX 4080, kwa dola 1,199. Januari 2025 ikatangazwa kubwa yao, RTX 5090, kwa dola 1,999, yaani zaidi ya shilingi milioni 4. Wanunuzi walipolalamika mwaka 2022, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, aliwajibu kwamba malighafi ya kiwandani, lile bamba linalokatwa chipu, limekuwa ghali mno kuliko zamani.

Bamba hilo tulielewe kwa mfano wa kashata.

Sinia la kashata

Mpishi wa kashata humimina mchanganyiko wa moto kwenye sinia, akautandaza, kisha akaukata vipande. Chipu nazo hutengenezwa hivyo. Zinachorwa nyingi kwa pamoja juu ya bamba la duara la silikoni lenye upana wa milimita 300, halafu bamba linakatwa. Kiwanda hulipwa kwa bamba zima. Kwa hiyo bei ya chipu moja inategemea bamba limetoa vipande vingapi vizima.

Chipu ya RTX 5090 ina eneo la milimita za mraba 750. Ukikata chipu za ukubwa huo, bamba moja linatoa takriban 70. Ukikata chipu za milimita za mraba 100, ukubwa unaokaribia chipu ya simu ya hali ya juu, unapata zaidi ya 600. Pembeni mwa duara kuna vipande vinavyotoka nusu, kama kwenye sinia, na hivyo havifai.

Halafu kuna uchafu. Tuseme punje kumi za mchanga zimeanguka kwenye sinia. Ukiwa umekata kashata ndogo 600, umepoteza kumi tu. Ukiwa umekata kubwa 70, nazo umepoteza kumi, lakini hiyo ni kashata moja katika kila saba. Kwenye chipu, hata chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kipande. Wakati mwingine kilichoharibika kidogo huzimwa sehemu mbovu na kuuzwa kwa bei ya chini, kama karafuu za daraja la chini. Vilivyoharibika kabisa hutupwa, na gharama yake hulipwa na vilivyo vizima.

Mashine nazo hazikamatiki. Zile za kuchora chipu ndogo zaidi hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na mashine moja huzidi dola milioni 150. Chipu za Nvidia kwa sehemu kubwa hutengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC. Ufundi wa namna hii ukiwa mikononi mwa wachache, mnunuzi hana pengine pa kukimbilia.

Lakini tuwe waadilifu. Gharama ya kiwanda haielezi bei yote. Inaweka chini ya hapo haiwezi kuuzwa; juu yake huamuliwa na haja ya wanunuzi. Ni kama samaki siku bahari imechafuka: mafuta ya boti ni yale yale, lakini fungu limepanda kwa sababu wanaotaka ni wengi na samaki ni wachache. Nvidia nayo imepata faida kubwa sana miaka hii.

Inahusu nini simu ya Konde?

Chipu za aina ya Nvidia sasa hazitafutwi kwa michezo tu. Ndizo zinazoendesha akili mnemba, zile programu zinazojibu maswali na kutengeneza picha. Makampuni tajiri yananunua chipu hizo kwa maelfu, na kila moja inahitaji kumbukumbu nyingi na za kasi kubwa pembeni yake.

Kumbukumbu hizo nazo ni chipu. Sehemu kubwa duniani hutengenezwa na makampuni matatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hao hao ndio wanaotengeneza kumbukumbu za simu. Micron imeeleza kwamba kumbukumbu ya akili mnemba hula bamba takriban mara tatu ya kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta yenye ukubwa ule ule. Kila sinia linalogeuzwa kwa ajili ya matajiri, kashata zetu zinapungua.

Oktoba 2025 kampuni ya simu ya Xiaomi ya China ilisema wazi kwamba kumbukumbu zimepanda kuliko ilivyotarajia na kwamba bei za simu zake mpya zimeguswa. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuacha kuuza kumbukumbu kwa wateja wa kawaida kwa jina lake la Crucial, ili iwahudumie wanunuzi wakubwa.

Wengine watauliza, kwa nini tusitengeneze simu wenyewe? Majirani wamejaribu. Mwaka 2019 Mara Phones ilifungua kiwanda Kigali, na simu yake ya chini iliuzwa kwa takriban dola 130. Mwaka 2023 Kenya ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu, na ya bei ya chini ikaanza kwa shilingi za Kenya 7,499. Kuunganisha kwa karibu kunaleta ajira na kunapunguza baadhi ya gharama. Lakini chipu na kumbukumbu bado zinaagizwa kutoka nje, kwa bei ya soko la dunia.

Ufanye nini dukani?

Mtengenezaji anayetaka bei isipande sana hupunguza kumbukumbu. Kwa hiyo usiangalie jina na rangi tu, soma namba. Boksi linaweza kuandika 8GB kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo "4GB+4GB". Maana yake RAM ya kweli ni 4GB. Ile 4GB nyingine imeazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha, nayo haina kasi sawa. Muombe muuzaji aiwashe simu, uingie kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", ujionee mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Kama simu yako ya sasa ina RAM ya kutosha ila betri imechoka au kioo kimepasuka, uliza kwanza bei ya kutengeneza. Unayo tayari sehemu iliyopanda bei. Ukinunua iliyotumika, bonyeza *#06# na ulinganishe namba inayotokea na iliyo kwenye boksi. Tunakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchini, waliolia ni walionunua bila kukagua.

Na je, usubiri ishuke? Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kadhaa kujengwa, kwa hiyo hatungekushauri uweke matumaini yako kwenye msimu ujao. Bei ya karafuu hutangazwa, sote tukaijua hadi Micheweni. Bei ya chipu hakuna anayetutangazia. Basi pesa ya jasho lako ilinde kwa kusoma namba.