Kazi ya msanii ni mali kauli, usiipokee ukanyamaza

Wafanyabiashara wa mpaka wa Rusumo hawahitaji kufundishwa maana ya mali kauli. Unachukua mchele Benako, upande wa Tanzania, bila kutoa hata senti. Unavuka nao daraja, unauza Nyakarambi au Kibungo, kisha unarudi na fedha za watu. Kinachoshikilia biashara hiyo ni neno lako tu. Ukichelewa, unapiga simu. Ukikaa kimya wiki mbili, jina lako limekwisha katika soko lile, hata kama fedha unazo mfukoni.

Neno hilo nalijua tangu utotoni. Lakini ilibidi mama mmoja muuza mchele anikumbushe kwamba hata kazi ya msanii ni mali kauli.

Mwaka 2018 nilikuwa katibu wa kamati ndogo wilayani Kirehe, mashariki mwa Rwanda, iliyoandaa maonyesho ya kazi za mikono. Tulitangaza sokoni, makanisani na msikitini kwamba kila mwenye kazi nzuri ailete kabla ya mwisho wa Juni. Tulitarajia kazi 15, zikaja 41. Kulikuwa na vikapu, mikeka na michoro ya penseli ya vijana wa sekondari. Zaidi ya yote kulikuwa na imigongo, sanaa inayoijulisha Kirehe hata ugenini. Hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikafinyangwa juu ya ubao kwa mistari iliyoinuka, ikaachwa ikauke, kisha ikapakwa rangi, hasa nyeupe, nyekundu na nyeusi.

Wengi wa walioleta walikuwa watu waliorudi. Wamo waliorejea baada ya 1994, na wamo waliotoka mkoa wa Kagera mwaka 2013, walipoamriwa kuondoka Tanzania wakavuka Rusumo kwa maelfu, wengine wakiwa na godoro na watoto tu. Mtu wa namna hiyo akikukabidhi kazi yake, hakukabidhi ubao peke yake. Anataka kujua kama hapa nyumbani naye anahesabiwa.

Siku ya mwisho ilipopita tulifunga daftari, tukarundika kazi zote stoo, tukapongezana kwa soda. Baada ya hapo mfadhili akachelewesha fedha. Tukaona aibu kusema. Julai ikapita, Agosti, Septemba, Oktoba, na hakuna msanii aliyepigiwa simu. Tulijiambia tutazungumza nao tukiwa na habari njema.

Mwishoni mwa Oktoba akaja yule mama. Alikuwa amerudi kutoka Karagwe mwaka 2013, na baina ya safari zake za mchele alikuwa akitengeneza imigongo.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ubao wangu mzima?"

Nikafungua stoo. Mvua za Septemba zilikuwa zimepenya ukutani. Ubao wake ulikuwa umelowa, ukakauka, ukapasuka katikati. Hakupiga kelele. Aliutazama, akasema: "Mimi nikichukua magunia mawili Benako, siku ya tatu mwenye mali anajua niko wapi. Ninyi mmekaa na mali yangu miezi minne. Mngesema fedha hakuna ningeelewa. Nani asiyejua kukosa fedha?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu.

Kukosa fedha kweli si aibu. Hata wakubwa hukosa. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya fedha. Waandaaji walilitangaza jambo hilo mapema, mwaka 2015, na tamasha likarudi mwaka 2017. Tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, lilipangwa kuwa la kila baada ya miaka miwili. Lilianzia Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017 na Dar es Salaam mwaka 2019, lakini Bujumbura lilifika mwaka 2022. Katika miaka mitatu ya kusubiri, kijana wa ngoma huoa, huhama au huuza ngoma yake. Basi swali la mwandaaji si kama kutatokea kuchelewa. Swali ni nani atawaambia watu, na lini.

Wiki ile ile tulianza kazi ambayo ilitupasa kuifanya Julai. Kwanza tulipiga simu zote 41. Hapo tukagundua kosa jingine. Watu wa mpakani wana laini mbili, moja ya huku na moja ya ng'ambo, na wengi walituachia ile waliyokuwa wameizima. Siku hizi naandika namba mbili na ya jirani.

Pili, tulikubaliana kutuma ujumbe kila baada ya siku 15, hata kama hakuna jipya. "Fedha bado, kazi yako iko salama, tutakuambia tena tarehe fulani." Maneno hayo machache yalitosha.

Tatu, tuliigeuza ile subira kuwa kazi. Kila Jumamosi wasanii walikutana katika uwanja wa shule. Akina mama walifundisha vijana kufinyanga mistari ya imigongo. Yule mama wa mchele alifundisha kupanga bei: hesabu siku zako, ubao, rangi na nauli, ndipo utaje bei. Wengi walikuwa wakiuza kwa hasara bila kujua.

Nne, tulipochagua kazi 18, wenye 23 zilizobaki tuliwaendea wenyewe. Tuliwarudishia kazi mkononi, tukawapa sababu, tukawakaribisha kuuza siku ya maonyesho nje ya ukumbi. Baadhi walikasirika. Lakini tulipotangaza tena mwaka uliofuata, wengi wao walileta kazi.

Yule mama tulimlipa ubao wake. Alihesabu noti, akasema, "Sasa hesabu yetu imekwisha," na Jumamosi iliyofuata akaja na ubao mpya.

Si kila hesabu ilikwisha. Kijana mmoja mchoraji alisubiri hadi Septemba, akaamini michoro yake imetupwa. Tulipofika kwao, mama yake alituambia ameshavuka kwenda Kahama kubeba magunia kwenye mashine ya mpunga, na kwamba penseli zake amewagawia wadogo zake. Mchoro wake wa daraja la Rusumo ulikuwa miongoni mwa zile 18.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wenzangu: ahadi ni deni, na deni hilo huanza siku unapopokea kazi ya mtu. Nanyi wasanii, msikabidhi kazi bila karatasi yenye sahihi na tarehe ya jibu. Mchele hamwuachi hivyo.

Ule mchoro wa daraja ninao nyumbani, nimeufunga kwa nailoni usilowe. Wasafiri wa Kahama, mkikutana na kijana wa Kirehe aliyekuwa akichora, mwambieni ulichaguliwa.