Jiko la Jumamosi: Watazamaji Wanasemaje?



Mwezi huu ukurasa wa familia unaingia jikoni, lakini si jiko la mafiga matatu. Tunakwenda mpaka Uingereza, kwenye kipindi cha mapishi cha televisheni kinachoitwa Saturday Kitchen, yaani Jiko la Jumamosi. Msishangae. Kuna familia moja ya jirani zetu iliyohamishiwa nchi ya tatu, nayo iko huko. Kila ndugu zao wa hapa wanapopiga simu Jumamosi mchana, mama wa kule anajibu: "Ngojeni kidogo, kipindi hakijaisha." Sie tukajiuliza, ni kipindi gani hicho kinachomshinda mtu hata akawaambia ndugu zake wangoje?

Basi wakatutumia vipande vya picha kwenye simu. Tukaviangalia sisi walimu wa kujitolea pamoja na wazazi wachache, baada ya masomo. Tukacheka, tukabishana mpaka giza likaingia. Lakini kilichotukaa akilini sio vile vyakula. Ni habari ambazo ndugu wale walitusimulia juu ya watazamaji: jinsi watu wa kule wanavyokisifu, wanavyokisema, na wanavyodai kusikilizwa.

KIPINDI CHENYEWE

Kilianza Januari 2002 kwenye televisheni ya BBC One. Wengi wetu tunaijua BBC kwa redio, kwa ile Idhaa ya Kiswahili. Hii nyingine ni televisheni ya wenyewe nyumbani kwao. Kipindi kinaonyeshwa Jumamosi asubuhi, kwa kawaida saa nne za kwao, na kinachukua kama saa moja na nusu. Huku kwetu inakuwa saa sita au saa saba mchana, kufuatana na majira yao.

Mtangazaji wa kwanza alikuwa Gregg Wallace, akafuata Antony Worrall Thompson, halafu kuanzia 2006 James Martin. Huyo alikaa miaka kumi. Baada ya yeye kuondoka mwaka 2016 walipokezana watu mbalimbali, na mwishowe Matt Tebbutt akawa ndiye mwenye jiko.

Mpango wake ni rahisi. Wapishi wanakuja, wanapika, na pembeni anakaa mgeni mmoja mashuhuri, mwimbaji au mchezaji wa filamu. Kabla ya yote mgeni anataja chakula anachokipenda kuliko vyote, wanakiita pepo yake, na kile asichotaka hata kukisikia harufu, wanakiita jehanamu yake. Watazamaji ndio wanaosaidia kuamua apikiwe kipi. Mwisho wa kipindi matokeo yanatangazwa, na maskini mgeni anaweza kujikuta mbele ya sahani ya jehanamu huku nchi nzima inamtazama anavyotafuna.

Mzee mmoja wa kanisa tuliyekuwa naye hakupendezwa. Alisema jehanamu si neno la kuchezea mezani. Lakini naye alipoulizwa chakula kipi hawezi kukimeza, alijibu haraka sana.

WANAOSIFU NA WANAOLALAMIKA

Kipindi cha zaidi ya miaka ishirini hakikosi maneno. Ndugu zetu wanasema hata kazini Jumatatu watu wanakijadili.

Wapo wanaokipenda kwa sababu kinawapa kampani. Mtu anayeishi peke yake, mzee au mgonjwa, anawasha televisheni Jumamosi na nyumba inapata sauti za watu na mlio wa kikaango. Hao wala hawapiki hayo mapishi. Wengine wanapenda vile vipande vya zamani vinavyorudishwa, kama vya Rick Stein na samaki zake, au vya Keith Floyd, mpishi aliyekuwa akipika nje, hata kwenye mashua, na glasi ya mvinyo mkononi. Floyd alifariki mwaka 2009, lakini watu bado wanamwangalia anapika.

Wanaolalamika nao ni wengi. Wa kwanza wanasema vyakula ni vya hotelini, si vya nyumbani. Mpishi anataja viungo kumi na tano, na nusu yake havipatikani kwenye duka la mtaani. Wa pili wanasema maongezi yamezidi, wageni wanajitangazia kazi zao, na mapishi yanapita mbiombio. Wa tatu hawapendi mvinyo uonjwe asubuhi namna ile mbele ya watoto, maana kila chakula kinatafutiwa mvinyo wa kwenda nacho.

Halafu kuna mambo ya mayai. Kwa miaka mingi wapishi walikuwa wakishindana kukaanga mayai matatu kwa kasi, saa ikihesabu sekunde. Mara nyingi mayai yalitoka mabichi, yanatiririka kwenye sahani. Kuna waliofurahia huo mchezo kuliko kipindi chote, na kuna waliosema ni kuharibu chakula. Akina mama wetu walikuwa upande huo wa pili, bila kupingana. "Mayai matatu!" alisema mmoja. "Na hakuna atakayeyala?" Akaomba tusirudie hicho kipande.

Kubwa lingine ni mtangazaji. James Martin alipoondoka, watu waliona kama wamefiwa. Mwaka 2017 akaanza kipindi chake kwenye ITV, nacho ni cha Jumamosi asubuhi na ni cha mapishi. Basi watazamaji wakagawanyika kama Simba na Yanga. Hawa wanasema yule wa zamani ndiye fundi. Wale wanasema Tebbutt ana utani mzuri na hajikwezi. Na wako wanaoangalia vyote viwili, rimoti mkononi.

SIKU WALIPOKASIRIKA KWELI

Mayai mabichi walivumilia. Maongezi marefu walivumilia. Lakini kuna jambo moja hawakulivumilia.

Mwaka 2007 ilijulikana kwamba vipindi vingine vilivyoonyeshwa kama vinatokea moja kwa moja vilikuwa vimerekodiwa kabla. Na huku watazamaji walikuwa wameombwa wapige simu ya kulipia, ili wapate nafasi ya kushiriki. Kumbe nafasi yenyewe haipo! Mtu ametoa pesa yake, amengoja kwenye simu, na mlango ulishafungwa zamani. BBC iliomba radhi. Mwaka huohuo mambo ya simu yaliviumbua vipindi vingi vya Uingereza. Hata kipindi cha watoto kiitwacho Blue Peter kilitozwa faini ya pauni 50,000 kwa udanganyifu kwenye shindano la simu.

Sisi tulilijadili sana jambo hili. Mpishi akikosea chumvi, unajua ni binadamu. Lakini akikuuliza "unapenda nini?" na huku chungu kimeshafunikwa, amekudharau. Afadhali angenyamaza.

KWA NINI WANASEMA BILA WOGA

Kijana mmoja aliuliza: hawa watu wanapata wapi ujasiri wa kulalamikia kitu kidogo kama kipindi cha mapishi? Jibu moja ni pesa. Kule, nyumba inayoangalia televisheni hulipa ada ya leseni kila mwaka, na ada hiyo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya BBC. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Mtu amelipa, kwa hiyo anasema: hicho chungu na mimi nimechangia.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipobadilika. Maana mama mmoja alisema taratibu: "Sasa sisi tusiolipa, je?"

NA SISI JE?

Tuseme ukweli. Sisi tunakula mgao. Unga, dengu au maharage, mafuta, chumvi. Hatukuchagua, na tunashukuru, kwa sababu tunajua siku ambazo hata hicho hakikuwepo. Lakini shukrani imetufundisha kunyamaza kupita kiasi. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba wakisema dengu zinamsumbua mtoto tumbo, jina litafutwa kwenye orodha. Wananyamaza, na mtoto anaendelea kuumwa.

Hata sisi walimu tumekosea. Kuna siku tuliitwa kutafsiri kwenye somo la lishe. Mwalimu wa lishe alionyesha uji wa maziwa, yai na karoti. Ulikuwa uji mzuri. Akina mama walipiga makofi, wakatawanyika. Njiani tukawasikia: maziwa ya wapi? Na kuni za kupika mara mbili kwa siku nani anazo? Hakuna aliyewauliza pale, na sisi tuliokuwa tunatafsiri hatukufikiria kuuliza. Tulitafsiri kwa upande mmoja tu, kutoka kwa anayefundisha kwenda kwa anayefundishwa.

Somo lililofuata tuliomba waulizwe. Kwanza kimya. Halafu bibi mmoja akasema yeye maharage huyaloweka jioni, asubuhi anamwaga yale maji na kupika kwa maji mapya. Yanaiva upesi, kuni zinabaki, na tumbo halijai gesi. Mwingine akasema lenga-lenga anaziweka mafuta kidogo, na mwalimu wa lishe akafurahi sana, maana mwili unahitaji mafuta ili upate vitamini A ya mboga. Wa tatu akawakumbusha wasichana kwamba sombe lazima itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Siku hiyo kila mtu aliandika, hata mwalimu mwenyewe.

TULIJARIBU DARASANI

Baadaye tukachukua ule mchezo wa pepo na jehanamu tukaupeleka darasa la tano. Kila mtoto aandike chakula anachokipenda na kile asichokitaka, na aeleze kwa nini. Kwa heshima ya yule mzee wa kanisa tukaviita "ninachokipenda" na "kinachonishinda".

Kwenye kinachowashinda, wengi waliandika dengu, kama tulivyotegemea. Lakini msichana mmoja aliandika uji wa asubuhi, kwamba unamchoma tumboni, na kwamba kila siku anampa mdogo wake amalizie. Mama yake hakujua. Alidhani binti anashiba, maana bakuli lilikuwa linarudi tupu. Tulipomwita alikaa kimya muda, halafu akasema: "Mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia kula tu." Wamekwenda pamoja zahanati, na sasa mama anamwangalia anapokula.

Kwenye wanachokipenda, watoto kadhaa waliandika mukeke, yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Tukawauliza, mmewahi kumla? Hawajawahi. Wamezaliwa hapa kambini. Wanamjua kwa masimulizi ya bibi zao tu: jinsi anavyochomwa kwenye makaa, jinsi mafuta yake yanavyodondoka. Hatukuwakata alama. Mtoto akijua chakula cha kwao kwa jina, naye ana cha kusema.

TUSEME VIPI

Kwa hao watazamaji wa Uingereza tumejifunza pia kwamba kusema kuna namna yake. Anayepiga kelele "kipindi kibaya!" hakuna anachobadilisha. Anayesikilizwa ni yule anayesema kitu kamili. Kwa hiyo:

Kwanza, taja jambo lenyewe. Usiseme "chakula kibaya", sema "dengu za mwezi huu zinachemka saa tatu hazijaiva".

Pili, sema linakuletea shida gani: kuni zimeisha, mtoto ameharisha, mzee hawezi kutafuna.

Tatu, sema unaona nini kingesaidia.

Palipo na sanduku la maoni au meza ya malalamiko karibu na sehemu ya mgao, litumieni. Vimewekwa kwa kazi hiyo. Kwenye karatasi ya sanduku si lazima uandike jina. Asiyejua kuandika aje kwetu shuleni mchana, tutamwandikia vilevile anavyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Na nyumbani, akina baba, tusiwe kama wale watazamaji wa kulaumu tu. Mama amehangaika na kuni mbichi tangu asubuhi, wewe unakuja unaonja na kusema "haina chumvi", unaondoka. Chumvi ipo? Kuni ulileta wewe? Ukiwa na la kusema, keti, kula, shukuru, halafu sema. Akina mama nao, muulizeni mtoto kabla hamjamgombeza kwamba anachagua. Huenda hachagui. Huenda anaumwa.

Sisi kwa upande wetu tumekubaliana: somo lolote la lishe tutakalotafsiri, tutaomba dakika kumi za akina mama kusema, na maneno yao tutayatafsiri yote, hata yale makali. Na tukiwauliza maoni, tutawaambia yalifika wapi. Hatutaki iwe kama zile simu za 2007.

Kwa toleo lijalo tunaomba kila familia ituandikie mistari michache: chakula mnachokipenda, kinachowashinda, na ujuzi mmoja wa kuokoa kuni. Leteni kwa mwalimu yeyote wa kujitolea. Kuhusu yale mayai matatu, akina mama wameshaamua, msituandikie.