Kamera ya Usalama Nyumbani: Nani Ana Ruhusa ya Kuitazama?

Kamera za usalama zinazotazamwa kwa simu janja, kengele za mlangoni zenye kamera na vitasa vinavyofunguliwa kwa namba ya siri si vifaa vya mabenki na ofisi kubwa pekee tena. Vinauzwa Kariakoo na katika maduka ya vifaa vya umeme mikoani, na mafundi wa kuvifunga wanapatikana mitaani. Pamoja na vifaa hivyo limekuja swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi siku ya kufunga: ni nani, mbali na mwenye nyumba, ataruhusiwa kuona kinachoonwa na kamera hiyo, kwa kiasi gani na hadi lini?

Katika desturi za Watanzania mgeni hupiga hodi, husubiri, kisha hukaribishwa. Aliyekaribishwa sebuleni haingii chumbani kwa sababu tu mlango wa mbele ulifunguliwa. Mtu mwenye nywila ya kamera ya nyumbani hana haja ya kupiga hodi. Anaweza kuingia akiwa mkoa mwingine au nje ya nchi, usiku au mchana, na waliomo ndani wasijue kwamba anawatazama. Ndiyo maana kugawa ruhusa ya kutumia kifaa cha aina hii ni uamuzi unaohitaji utaratibu, kama ulivyo uamuzi wa kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba.

Jinsi kifaa kinavyofanya kazi

Kamera ya kawaida ya nyumbani huunganishwa na intaneti kupitia ruta au laini ya simu. Picha inazochukua huhifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kamera, katika mashine ya kurekodia iliyowekwa nyumbani, au katika seva za kampuni iliyotengeneza kifaa. Mwenye kifaa huzitazama kwa programu iliyopakuliwa katika simu yake. Siku ya kwanza ya matumizi, kamera husajiliwa katika akaunti moja, mara nyingi kwa kusoma msimbo uliobandikwa kwenye kifaa. Aliyeisajili katika akaunti yake ndiye anayetambuliwa na mfumo kuwa mmiliki, hata kama fedha za kununulia zilitoka kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa. Ni jambo la kawaida fundi kumaliza kazi kwa kusajili kamera katika simu yake, kwa barua pepe yake, kisha kumwandikia mteja jina la mtumiaji na nywila kwenye karatasi. Mteja anaona picha na kuridhika. Kwa mujibu wa mfumo, hata hivyo, mwenye kamera ni fundi. Yeye ndiye anayeweza kubadilisha nywila, kuongeza watazamaji wengine na hata kumfungia mteja nje ya kamera aliyoilipia.

Njia mbili za kugawa ruhusa

Njia ya kwanza, ambayo wengi huitumia kwa wepesi wake, ni kumpa mtu mwingine nywila ya akaunti. Baba humpa mama, mama humpa kijana wa kidato cha sita, kijana humpa binamu aliyekuja likizo. Kila mmoja wao anaingia kama mmiliki. Mfumo hauwezi kutofautisha nani alitazama, nani alifuta picha za usiku fulani na nani alizima kamera. Likitokea jambo, wote wanakuwa washukiwa na hakuna anayeweza kujitetea kwa ushahidi. Aidha, kumwondoa mtu mmoja kunalazimu kubadilisha nywila ya wote.

Njia ya pili ni kumwalika mtu kwa akaunti yake mwenyewe. Programu nyingi za kamera zina sehemu ya kushirikisha kifaa, ambapo mmiliki huandika namba ya simu au barua pepe ya anayealikwa, naye hupokea mwaliko na kuukubali. Kwa njia hii kila mtu huingia kwa jina lake na nywila yake. Mmiliki anaiona orodha ya walioalikwa, na anaweza kumwondoa mmoja bila kuwagusa wengine.

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba ruhusa inaweza kupimwa. Kutegemea aina ya kifaa, mmiliki anaweza kuruhusu picha za moja kwa moja tu, bila zilizorekodiwa. Anaweza kumpa mtu kamera ya geti na kumnyima ya sebuleni. Anaweza kuzuia kufuta rekodi, kuzungumza kupitia kipaza sauti au kufungua kitasa. Vitasa vingi vya kidijitali pia huwezesha kila mtu kupewa namba yake ya siri, na baadhi hutoa namba inayokoma kufanya kazi baada ya saa au siku zilizopangwa.

Kipimo kinachofaa ni kazi. Mlinzi wa geti anahitaji kuona geti na ukuta, wala hahitaji kuona jikoni. Msimamizi wa ujenzi anahitaji kuona eneo la saruji na nondo. Mtanzania anayeishi ng'ambo na kujenga nyumba nyumbani anaweza kumruhusu ndugu yake kufuatilia kazi, lakini umiliki wa akaunti ukabaki kwake. Fundi anahitaji kuingia siku ya kufunga au kutengeneza, na ruhusa yake iishe kazi inapoisha.

Funzo kutoka Texas

Kwamba hatari hii si ya kufikirika kunathibitishwa na kesi iliyoamuliwa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Aliyekuwa fundi wa kampuni ya ulinzi ya ADT alikiri kosa mahakamani Januari 2021, na mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miezi 52. Kwa zaidi ya miaka minne aliingia kwa siri katika akaunti za wateja wapatao 200, zaidi ya mara 9,600, na kutazama kamera za ndani ya nyumba zao. Alikuwa akichagua nyumba za wanawake waliomvutia.

Fundi huyo hakuvunja mfumo kwa utaalamu wa hali ya juu. Alichofanya ni kuongeza barua pepe yake katika orodha ya walioruhusiwa. Wateja wengine aliwaambia kwamba anahitaji kujiongeza kwa muda ili kupima mfumo, na wengine hakuwaambia chochote. Orodha hiyo ilikuwa ndani ya akaunti za wateja wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika suala hili nguo yenyewe ni orodha ambayo mwenye nyumba hajawahi kuifungua.

Nywila za kiwandani nazo zina historia yake. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa mamia ya maelfu katika nchi mbalimbali, kwa kujaribu tu majina na nywila ambazo vifaa hivyo vilitoka navyo kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kadhaa kubwa zikashindwa kufikika kwa saa nyingi. Uingereza imekwisha kutunga sheria inayokataza vifaa vya aina hii kuuzwa vikiwa na nywila za jumla za kiwandani. Sheria hiyo ilianza kutumika Aprili 29, 2024.

Ruhusa inapopaswa kukoma

Watu wengi hukumbuka kutoa ruhusa na kusahau kuiondoa. Mlinzi anapoacha kazi hurudisha sare na ufunguo wa geti, lakini programu ya kamera hubaki katika simu yake. Vivyo hivyo mpangaji anayehama, mfanyakazi anayeondoka, fundi aliyemaliza kazi, au ndugu aliyekuwa akiangalia nyumba wakati wenyewe wamesafiri.

Hali inayohitaji uangalifu zaidi ni ya wanandoa wanaotengana. Anayehama akiendelea kuwa na ruhusa, kamera iliyowekwa kuzuia wezi hugeuka kuwa chombo cha kufuatilia anayeingia, anayetoka na saa anayolala aliyebaki. Mtu anayejikuta akifuatiliwa kwa namna hiyo, hasa pale panapokuwa na vitisho au vipigo, anaweza kufika katika Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya polisi. Pale ambapo kumwondoa mtu katika mfumo kunaweza kumchochea kufanya ukatili, ni busara kupata ushauri na usalama kwanza, kisha kubadilisha ruhusa.

Simu inapoibwa au kupotea, aliyeipata anaweza kuwa ameupata pia mlango wa kamera. Mwenye akaunti atumie simu nyingine kubadilisha nywila na kuchagua kuondoka katika vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Anayeuza kamera au kitasa kilichotumika, au anayekihamisha, akiondoe kwanza katika akaunti yake, afute rekodi na kukirejesha katika mipangilio ya kiwandani. Anayenunua kifaa kilichotumika afanye hivyohivyo kabla ya kukiwasha ndani ya nyumba yake.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda haki ya faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka misingi ya ukusanyaji na uchakataji wa taarifa binafsi na kuanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Misingi hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, zisizidi zinazohitajika, zihifadhiwe kwa usalama, na zisitumike kwa lengo lingine.

Kwa nyumba ya wageni, ofisi, duka, shule au jengo la wapangaji, hii ina maana kwamba kamera si suala la mwenye jengo na fundi wake pekee. Wanaorekodiwa wana haki ya kujua kwamba kuna kamera na imewekwa kwa ajili gani. Mwenye jengo anapaswa kujua kwa majina ni nani wanaoweza kutazama rekodi, na ana wajibu wa kuzilinda zisiwafikie wengine. Anayeona taarifa zake zimetumika kinyume cha sheria anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa upande wake, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali. Aliyeondolewa kazini akaendelea kuingia katika kamera za mwajiri wake wa zamani kwa nywila anayoikumbuka hapaswi kudhani kwamba kuijua nywila ni sawa na kuwa na ruhusa.

Ni muhimu pia kutambua kwamba ruhusa ya kutazama si ruhusa ya kusambaza. Kipande cha video kinachomwonesha jirani, mtoto au mfanyakazi wa nyumbani, kikitumwa katika kundi la WhatsApp, hakirudi tena. Video inayoonesha uhalifu mahali pake ni polisi.

Heshima kwa wanaoishi ndani

Mfanyakazi wa nyumbani ni mmoja wa watu wanaorekodiwa zaidi na wanaoulizwa kidogo zaidi. Mwajiri anayeweka kamera kwa ajili ya usalama wa watoto amweleze mfanyakazi zilipo kamera na nani anazitazama. Bafuni, chooni, na mahali ambapo mtu hubadilisha nguo au kulala si mahali pa kamera. Ni vyema pia kuzielekeza kamera za nje kwenye geti na ukuta wa mwenyewe, zisiangalie dirisha au ua wa jirani.

Hatua za kuchukua

Mwenye kifaa anashauriwa kuhakikisha kwamba akaunti kuu imesajiliwa kwa namba ya simu na barua pepe yake, na kwamba usajili huo unafanyika katika simu yake siku ya kufunga, fundi akiwa anaelekeza tu. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kamera, kwa mashine ya kurekodia na kwa ruta. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe pale unapopatikana, ili nywila pekee isitoshe kumwingiza mtu.

Anayehitaji kutazama aalikwe kwa akaunti yake, apewe kamera anazohitaji tu, na tarehe ya mwisho wa ruhusa iandikwe mahali. Orodha ya walioruhusiwa ikaguliwe kila mwezi, na kila mara mtu anapohama, anapoacha kazi au fundi anapomaliza matengenezo. Jina lisilofahamika liondolewe mara moja, nywila ibadilishwe, na picha ya orodha hiyo ihifadhiwe kama ushahidi kabla ya kutoa taarifa polisi.

Ukaguzi huo hauchukui zaidi ya dakika chache na hauna gharama. Kwa familia nyingi itakuwa mara ya kwanza kujua ni watu wangapi, mbali na wao, wamekuwa wakiiona sebule yao.