Fahamu: Shaba inavyoumiza mwani wa vijito

Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka za mgodi wa shaba wa Sino-Metals lilipasuka Chambishi, Zambia. Maji yenye tindikali na metali nzito yakafika Mto Kafue. Picha zilizosambaa zilikuwa za samaki waliokufa. Madhara kwa mwani ni magumu zaidi kuyaona.

Mwani ni ule utelezi wa kijani au kahawia unaoukanyaga kwenye mawe ya kijito. Unahitaji shaba, ila kidogo mno. Ikizidi, huingia kwenye klorofili na kuchukua nafasi ya magnesi, na mwani hushindwa kutumia mwanga kujitengenezea chakula. Dayatomu, mwani wenye gamba gumu la silika, huanza kuota magamba yaliyopinda, na wataalamu huyasoma kwa hadubini kama dalili ya uchafuzi. Aina dhaifu hutoweka, sugu hubaki. Linalonitia hofu ni hili: kijito huendelea kuonekana kijani na kizima, kumbe mwani wake umesheheni metali, na konokono na samaki wanaula.

Hata Mlowo, wilayani Mbozi nchini Tanzania, shaba ipo, ila hutoka mashambani. Viuakuvu vyenye shaba ni dawa ya siku nyingi ya chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya kahawa, zao kuu la biashara la Mbozi. Shaba haiozi, mvua huisomba pamoja na udongo hadi vijitoni. Basi bomba la dawa lisioshwe kijitoni kamwe, na mita 60 za kingo zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 ziachwe na nyasi zake.