Kompyuta ya Usharika Isife kwa Joto
Kompyuta mpakato inayotunza orodha ya washarika na hesabu za sadaka ikizimika ghafla katikati ya kazi, mara nyingi tatizo ni joto, si virusi. Feni yake aghalabu huvuta hewa kupitia matundu ya chini, na vitambaa vya kufuma, ambavyo ofisi zetu huvipenda mno, huyaziba. Tunashauri iwekwe juu ya meza tupu. Vumbi la kiangazi nalo huganda: izimwe, ichomolewe umeme, matundu yapanguswe kwa brashi laini. Ikiendelea kuchemka, fundi asafishe feni na kubadilisha grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, kabla kamati haijachangisha fedha za kompyuta mpya. Betri iliyovimba isichajiwe tena. Huweza kushika moto.